Bomba Linalohesabu Tatu

Chumba cha michoro, kiwanda cha mabomba
2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kabla hujafungua boksi, soma kwanza barua hii mpaka mwisho. Najua umeshalifungua.

Hilo ndilo bomba langu. Nimelichora mara arobaini na moja, na mchoro wa arobaini na moja ndio uliokubali. Kile kitone cheusi chini ya shingo yake, kidogo kuliko punje ya pilipili manga, ndicho jicho. Kinatoa mwanga usioonekana. Mwanga ukigonga mkono wako na kurudi, bomba linajua kuna mtu, linamwaga maji. Ukiondoa mkono, linakata. Hugusi kitu. Ila pembeni nimeacha kishikio cha kufungua na kufunga kwa nguvu zako mwenyewe, kama mabomba yote uliyofunga maishani mwako. Mkuu wangu wa idara anataka kikatwe. Anasema bomba lenye jicho na kishikio ni mtu aliyevaa viatu juu ya viatu. Mimi nimeng'ang'ania.

Sasa kazi yako. Lifunge jikoni, mahali pa bomba la mama. Betri zake nne zitundike chini ya sinki. Litumie kama kawaida kwa wiki saba, na kila siku uandike kwenye daftari nililokuwekea: limechelewa, limegoma, limevuja, limefunguka lenyewe. Hasa hilo la mwisho. Mabomba mengine manne ya majaribio yako hapa kiwandani, kwenye vyumba vya ndani visivyo na madirisha, na yanatumiwa na watu wanaojua wanachunguzwa. Lako ndilo pekee lililo kwenye nyumba ya watu.

Nikuambie kinachonitia wasiwasi. Mabomba sitini ya kwanza yanakwenda kwenye hospitali ya wazazi kule mlimani, nilikozaliwa. Tangi ni lile lile ulilolifunga wewe, linajazwa mara moja tu kwa siku, asubuhi. Mabomba yakifunguka yenyewe wakati hakuna mtu, maji ya wodi nzima yataishia kwenye masinki, na jioni akina mama watajifungua bila hata tone. Tarehe 29 Mei natia sahihi mchoro. Baada ya hapo kalibu za kumiminia chuma zinachongwa na hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo ukweli wa daftari lako ndio utakaonishika mkono siku hiyo.

Halafu, baba, kula. Shangazi anasema unapika cha mtu mmoja na unakula cha nusu mtu. Najua mwaka haujaisha tangu tumzike mama, lakini kula.

Ningekupigia, ila simu unaishika kama inaungua.

Mwanao,
Spana


Nyumbani
11 Aprili

Mwanangu Spana,

Marahaba. Ndiyo, nilikuwa nimeshalifungua.

Nimelifunga. Imenichukua saa moja na nusu, kazi ambayo zamani ningeimaliza huku nikisimulia hadithi. Koki ya chini ya sinki ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikaibembeleza kwa mafuta, ikakataa, nikaibembeleza kwa matusi, ikakubali. Bomba la mama yako nimelifuta, nimelivingirisha kwenye gazeti, nimeliweka juu ya kabati. Usiniulize la nini.

Sasa huyu mgeni wako. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kutafuta kishikio pale kilipokuwa zamani, likanimwagia maji mpaka kwenye kiwiko. Siku ya pili nilikuwa napita tu na sahani yangu kavu, na lenyewe likaruka kunisalimia. Nimeandika daftarini: "Limejipendekeza." Kama si neno la kitaalamu, tafuta la kwako.

Tena sijazoea kutazamwa jikoni. Aliyekuwa akinitazama humu ni mama yako tu, na yeye alikuwa akitazama ili aseme. Huyu anatazama na kunyamaza.

Jikoni pako vile vile ulivyopaacha. Dirisha juu ya sinki, meza, viti viwili. Nimebadilisha kitu kimoja: lile sinia la shaba la mama yako nimelitoa kabatini, nimelisugua kwa majivu na ndimu, nimelitundika ukutani, upande unaotazamana na dirisha. Lilikuwa linanisononesha kule gizani. Jioni jua likiingia juu ya sinki, linavuka chumba kizima mpaka karibu nalo, na ukuta wote unakuwa na rangi ya chai iliyokolea. Basi nakaa hapo. Sifanyi kitu, nakaa tu, na muda unapita bila kunigusa.

Unaukumbuka ule ugomvi wetu? Kila jioni akitaka kujaza birika, mama yako anafungua maji, anayaacha yapite bure, anahesabu moja, mbili, tatu, ndipo anakinga. Eti maji ya kwanza yamelala bombani, yana usingizi. Miaka thelathini na mmoja namwambia, mke wangu, mimi ni fundi bomba, usiniaibishe, maji hayalali. Mara nyingi nilikuwa nanyoosha mkono juu ya bega lake, nafunga akiwa kwenye mbili. Ananitazama. Anafungua upya, anaanza tena moja. Sijui kati yetu ni nani aliyepoteza maji mengi zaidi.

Kwa tangi la mlimani ondoa shaka. Nitakuandikia kila tone.

Baba yako


Nyumbani
25 Aprili

Spana,

Bomba halina kasoro. Nakunakilia daftari. Tarehe 18, sawa. Tarehe 19, sawa. Tarehe 20, sawa. 21, sawa. 22, 23, 24, sawa. Halichelewi, halivuji, na halifanyi lolote la kumsumbua mtu.

Shangazi yako anataka nikakae kwake wiki mbili. Nimemwambia nina kazi ya kiwanda. Si uongo, nina kazi ya kiwanda.

Nimeanza kula. Nimenunua majani mazuri ya chai. Mchana naweza kuwa popote, lakini saa kumi na moja kasoro robo nakuwa nimerudi jikoni. Jua la jioni siku hizi sijui limekuwaje. Linaingia polepole, kama mtu anayevua viatu mlangoni ili asiamshe watu, na ukilingoja bila haraka linakufikia hapo hapo ulipo.

Juzi nilisinzia kitini nikaota nyumba imejaa maji mpaka kwenye dari, lakini yalikuwa maji makavu, unapita ndani yake na shati lako halilowi. Vijiko vilikuwa vinaelea. Mama yako alikuwa upande wa pili wa meza, anakung'uta kitambaa, na kitambaa kilichukua muda mrefu sana kushuka. Hakuwa na haraka yoyote. Nilipoamka nilikuwa na raha ambayo sikuwa nimeionja tangu mwaka jana.

Usinihangaikie.

Baba


Chumba cha michoro
30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ule ukurasa wa daftari mara sita. Sawa, sawa, sawa. Wewe, uliyemrudisha fundi mwenzako juu ya ngazi kwa sababu ya tone moja kwa saa! Lakini ukiandika sawa, basi ni sawa. Hakuna mtu ambaye neno lake kuhusu bomba naliamini kuliko lako.

Karatasi yako nimeiweka mezani kwenye kikao. Mkuu wa idara akaisoma, akauliza, "Mzee mwenyewe ni mkali?" Nikamwambia, "Baba yangu hajawahi kusifia bomba tangu nimjue." Wakacheka wote, nami nikavimba kichwa. Kumbe nimejichimbia shimo. Sasa mkuu anasema, kama jicho halikosei hata kwa mzee mkali, kishikio cha nini? Nimemwomba asubiri mpaka tarehe 29.

Nashinda kwenye chumba cha majaribio. Mabomba manne yamepangwa mstari mmoja, napitisha mkono, yanafunguka moja baada ya jingine, halafu yananyamaza moja baada ya jingine. Wakati mwingine napitisha mkono bila kazi yoyote. Nikifumba macho naona niko kwenye jiko kubwa lisilo na kuta, na watu wanne ninaowajua wananawa mikono kabla ya kukaa. Sijawahi kufumbua macho mapema.

Nenda kwa shangazi, baba. Bomba halitakimbia.

Spana


Kwa shangazi yako
5 Mei

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, na umbea siupendi. Nakueleza nilichokisikia kwa masikio yangu haya mawili, mengine utajaza mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa kaka yangu bila kumpa taarifa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, jua bado kali, na mlango umefungwa kwa ndani. Nikaweka sikio. Nikamsikia anaongea, kwa sauti ile ya chini aliyokuwa nayo alipokuwa kijana anachumbia. Anasema, "Leo umechelewa." Kisha maji yakatoka bombani, yakakata. Kisha akacheka. Kaka yangu, mwanangu, ambaye tangu msiba meno yake hatujayaona, akacheka!

Nikabisha hodi. Akakawia kufungua. Amevaa shati lililopigwa pasi, ananukia sabuni ya wageni. Mezani kuna vikombe viwili, vile vya mstari wa buluu ambavyo marehemu wifi yangu alikuwa akivifungia. Nikamuuliza cha pili ni cha nani. Akanijibu, "Kimetoka tu." Kikombe kimetoka tu, kina miguu? Nikatazama chumba hiki na kile, sikuona mtu, lakini mlango wa nyuma upo.

Mimi sisemi neno. Nasema tu kwamba kama ni yule mshona nguo wa kona, meno yake ya mbele si yake.

Shangazi yako, asiyesema neno


Chumba cha michoro
9 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara mbili, hii ni ya tatu.

Shangazi ameniandikia. Usimkasirikie, ana wivu kwa niaba ya marehemu. Kama umepata mtu wa kunywa naye chai, nafurahi. Nimeliandika hilo neno nikakaa nalitazama. Basi niseme nitafurahi, nipe muda. Sikutegemea iwe mapema hivi, wala sikutegemea vikombe vya buluu. Lakini anayekaa kwenye nyumba ile ni wewe. Mimi niliondoka siku ya tatu baada ya mazishi kwa sababu nilikuwa na kikao, na mpaka leo sikumbuki kikao kilihusu nini. Sina mdomo wa kumchagulia mtu anywe chai na nani.

Ukiweza, niambie tu anafanya kazi gani, nisije nikapishana naye njiani nikashindwa kumsalimia.

Huku mkuu ameshaagiza mchoro mpya usio na kishikio. Nikimbishia ananionyesha karatasi yako. Tarehe 29 inakuja, na nimechoka kubishana na maneno ya baba yangu mwenyewe. Nitatia sahihi.

Spana


Nyumbani
16 Mei

Mwanangu,

Usitie sahihi.

Nimeanza na hilo ili hata barua hii ikikudondokea majini uwe umeshalisoma. Daftari langu ni la uongo. Bomba lako linafunguka lenyewe.

Na mwanamke hakuna. Yaani yupo, lakini ni mama yako.

Soma taratibu. Tarehe 20 Aprili, saa kumi na moja kasoro robo, nilikuwa nimekaa mezani, mbali na sinki, mikono yote miwili iko magotini. Jua limeingia, sinia linawaka ukutani, na kimya kilikuwa kimejaa chumba mpaka kwenye pembe. Bomba likafunguka. Maji yakatoka, nami nikayasikia: moja, mbili, tatu. Yakakata. Hakuna mtu.

Fundi angesimama akachukua kalamu. Mimi nilisimama nikachukua birika.

Kesho yake saa ile ile. Moja, mbili, tatu. Siku ya tatu nilivaa shati safi. Siku ya tano nikatoa kikombe cha pili. Sijarukwa na akili, Spana. Nilijua fika kwamba chini ya sinki kuna betri nne na kwamba betri hazina roho. Nilijua na sikutaka kujua. Nikawa namsimulia habari za mchana, nani kaniuliza nini, bei ya sabuni, mtoto wa jirani alivyoanza kutembea, na mwanga unapungua ukutani kidogo kidogo mpaka ninapoona kikombe changu ni kivuli. Kila siku nikaandika "sawa". Niliona ukisikia utalirekebisha, na ukilirekebisha hatakuja tena.

Sasa ameacha mwenyewe. Tarehe 8 Mei alikuja mara ya mwisho, na maji yalikatika kwenye mbili. Tangu hapo, hakuna. Siku nane nimekaa na vikombe viwili nikijiuliza nimemkosea nini. Hiyo mbili imeniuma. Nilidhani ananikumbusha.

Ndipo barua yako ikafika, kwamba kishikio kinakatwa kwa neno langu na sahihi inatiwa kwa neno langu.

Siku uliyozaliwa, mchana, tangi la mlimani lilikuwa tupu. Mtu alikuwa ameacha bomba wazi. Nilipanda mlima mara nne na ndoo mbili, na mara ya nne nikakuta umeshazaliwa, umefunikwa kitambaa, hujaoshwa. Mama yako akatazama zile ndoo akaniambia, "Taratibu, usimwage." Ndiyo maana baadaye niliombwa nilifunge upya lile tangi na sikungoja kuombwa mara mbili. Sasa mimi yule yule nilikuwa tayari akina mama wengine wakaukiwe, ili jioni nisinywe chai peke yangu. Naona haya kukuandikia haya wewe niliyekufundisha kushika spana.

Ukurasa wa kweli huu hapa ndani. Siku kumi na tisa, zote saa ile ile. Upeleke kwenye kikao, waambie yule mzee mkali ni mwongo.

Ila wewe uliyelitengeneza niambie kitu kimoja. Kwa nini ilikuwa tatu?

Baba yako


Chumba cha michoro
20 Mei

Baba,

Barua nimeipata. Sitii sahihi.

Nipe siku kadhaa, nataka niwe na uhakika kabla sijakujibu kuhusu ile tatu. Usishushe kitu chochote ukutani. Kiti chako usikihamishe.

Chai yako unywe.

Spana


Chumba cha michoro
3 Juni

Baba,

Shikamoo. Umenikosea, na yamekwisha.

Nilipofika mahali ulipotaja sinia, nilisimama. Nikaenda kantini nikaazima sinia la bati, nikalisugua mpaka linaonyesha sura. Chumba pekee hapa chenye dirisha la machweo ni ofisi ya mkuu wa idara. Nikafunga bomba chini ya dirisha lake, sinia nikalitundika juu ya kiti chake, tukakaa pembeni, yeye na mimi, tunalingoja jua. Sijui kama tumewahi kukaa kimya hivyo tangu nimjue. Mwanga ukatambaa ukutani, ukapanda kwenye sinia, ukarudi kwenye jicho, nalo likadhani ni mkono. Maji yakaruka mpaka kwenye makaratasi yake.

Akayatazama maji. Akauliza, "Wodini kuna madirisha mangapi upande wa magharibi?" Nikamwambia manane, na vitanda vyote ni vya chuma cha kung'aa. Kwako mwali unapita mara moja tu na kwenda zake. Kule pazia likipepea, kila mng'ao ungefungua bomba upya, jioni nzima, mpaka tangi liishe.

Kwa hiyo jicho linavikwa kikofia, na linafundishwa kuuliza mara mbili kabla ya kuamini. Kishikio kimerudi. Alikirudisha yeye mwenyewe, kwa penseli yake, hakunitazama usoni. Na chini ya kila sinki kunawekwa koki ya mkono, jicho likikosea mtu awe na mahali pa kushika. Sahihi imesogezwa mpaka Septemba. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kumtumia baba yangu kama mpimaji, na nimeipokea kwa mikono miwili.

Lilikuwa jua na sinia, baba. Nimeandika sentensi hiyo nikatoka nje kutembea kidogo, maana najua ninachokunyang'anya.

Jua halitui mahali pamoja siku mbili. Kila jioni linasogea kidogo pembeni ya jana. Tarehe 20 Aprili lilianza kuligusa sinia lako, tarehe 8 Mei likagusa ukingo tu, ndiyo maana maji yalikatika kwenye mbili. Kisha likaendelea na safari. Hakukasirika mtu, wala hukumkosea mtu.

Sasa ile tatu. Bomba likiona kitu kisichotikisika, tuseme sufuria iliyosahaulika, haifai limwage tu bila kikomo. Lazima lihesabu kidogo likate. Kwenye kikao waliniuliza, mbona tatu, si mbili, si tano? Nikasema ni matokeo ya majaribio, na nikawaonyesha jedwali. Hakukuwa na majaribio. Jedwali nililitengeneza baada ya namba. Kumbe uongo kwenye kazi hii tumeusema wote wawili. Siku ile nilikuwa peke yangu na karatasi, nafikiria maji yapite kwa muda gani, na mkono wangu ukaandika tatu kabla sijajiuliza. Mpaka barua yako ilipofika sikujua nimeitoa wapi. Sasa najua. Kila jioni ya utoto wangu nilikuwa chini ya ile meza na sanduku lako la vifaa, na juu yangu kuna mtu anayahesabia maji yaamke.

Kwa hiyo lililofungua ni jua. Lakini aliyehesabu ni yeye.

Bomba lako silichukui wala silirekebishi. Nimelifuta kwenye orodha ya majaribio, ni la nyumba. Na nimepiga hesabu, baba. Jua linageuka mwezi huu na kurudi njia ile ile. Tarehe 4 Agosti litakuwa pale lilipokuwa tarehe 8 Mei, na litapita kwenye sinia siku kumi na tisa tena, kwa mpangilio wa kinyume. Saa haitalingana kabisa, kutakuwa na kuchelewa kama dakika kumi.

Nimeomba likizo.

Spana


Nyumbani
27 Juni

Mwanangu Spana,

Marahaba. Barua yako sikuisomea jikoni. Niliisomea kwenye ngazi za nje, na nilipofika kwenye ile tatu niliikunja nikaiweka mfukoni, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, ndipo nikamalizia. Watu walinisalimia, sijui niliwajibu nini.

Kisha nikafanya upumbavu. Mimi ni fundi. Ukishanionyesha mwali unakopita, umenionyesha bomba, na bomba najua kuligeuza. Nikapiga msumari mwingine, shubiri moja pembeni ya ule wa kwanza, nikahamishia sinia. Saa kumi na moja kasoro robo mwali ukalipata jicho. Maji yakatoka. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimekaa na kikombe changu mkononi, nikasikiliza mpaka mwisho, na yalikuwa maji tu. Niliyaita mwenyewe, yakaja. Mama yako, unamjua, ukimwita haji. Ukinyamaza ndipo unamkuta amesimama nyuma yako. Nikang'oa msumari, nikaziba tundu, sinia nikalirudisha mahali pake.

Kwa hiyo nangoja. Si kungoja kwa ugonjwa, usiogope. Nimekaa kwa shangazi yako wiki nzima, nimekula mpaka nikalegeza mkanda. Nilimweleza yote. Akalia sana, kisha akafuta macho akauliza kama wifi yake alisema lolote kumhusu yeye. Nikamwambia, "Alisema masikio yako ni makubwa." Ameridhika.

Nimepanda mlimani pia. Tangi langu bado halivuji. Wauguzi nimewaambia mabomba yakifika nitayafunga mimi mwenyewe, yote sitini, na nimewaonyesha koki zitakaa wapi na zinafungwaje jicho likidanganyika. Mmoja akauliza, "Mzee, jicho la chuma nalo linadanganyika?" Nikamjibu kwamba nimelishuhudia siku kumi na tisa.

Hiyo dakika kumi isikusumbue. Siku ya harusi yetu alichelewa saa mbili na hakuomba radhi.

Njoo tarehe 3 ulale, ili tarehe 4 tuwe wote jikoni mapema, bila haraka. Wewe utakaa kiti changu. Mimi nitakaa juu ya ndoo, nimekaa juu ya ndoo maisha yangu yote. Kile kiti kingine tutakiacha.

Najua siku ya kwanza jua litagusa ukingo tu, na maji yatakatika kwenye mbili. Tutanyamaza. Tutarudi kesho yake, na siku inayofuata, mpaka sinia lijae mwanga. Mara ngapi nilinyoosha mkono juu ya bega la mama yako nikamfungia kwenye mbili, sina hesabu yake. Safari hii mikono yangu yote miwili itakuwa imeshika kikombe. Nitamwacha afike tatu.

Baba yako